Pancha Inayorudi: Soma Tundu Kabla ya Kuliziba

Tairi la baiskeli likilala mara moja, ziba uende zako. Likilala mara ya pili ndani ya wiki hiyo hiyo, gurudumu lile lile, weka solusheni, ile gundi ya viraka, pembeni kwanza. Kuna kitu kinachotoboa tyubu na bado kiko pale pale, na unaweza kuijaza tyubu viraka bila kukigusa.

Mimi nilifundishwa hili barabarani, kati ya Shinyanga na Tinde, nikiwa na gunia la mpunga kwenye keria ya Phoenix ya marehemu baba. Siku hiyo gurudumu la nyuma lililala mara tatu kabla ya saa sita mchana. Mara ya tatu sikuwa na kiraka wala nguvu, nikaikokota baiskeli mpaka kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa amepanga vifaa vyake chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakugusa kopo la solusheni.

“Tundu lilikuwa upande gani, mjukuu wangu? Wa ardhini au wa kwenye spoki?”

“Sijui, babu. Niliziba tu.”

“Na mara ya kwanza?”

“Hiyo nayo sikuangalia.”

Alivua tairi, akachukua kitambaa cha pamba, akakizungusha taratibu ndani ya rimu. Kitambaa kikanasa. Ncha ya spoki moja ilikuwa imechomoza kupita nati yake ndogo, urefu wa punje ya mchele tu, na utepe unaofunika rimu ulikuwa umeoza mahali pale. Akaisaga ncha kwa tupa, akakata utepe mpya kutoka tyubu chakavu, akabandika kiraka kimoja. Tyubu ile niliendelea nayo mpaka tairi lenyewe likaisha.

Kwa hiyo huu mwongozo hauanzii kwenye kiraka. Unaanzia kwenye tundu: liko wapi na lina umbo gani.

Kabla hujaitoa tyubu

Angalia vali iko usawa wa maandishi gani kwenye tairi. Mafundi wazuri huvisha tairi ili jina la kiwanda likae mbele ya vali kila mara. Ukiitoa tyubu, usiigeuze; iweke juu ya gurudumu kama ilivyokaa ndani, vali kwa vali. Ukishaona tundu liko umbali gani kutoka kwenye vali, unajua pia pa kutazama kwenye tairi na kwenye rimu. Bila alama hiyo utapapasa gurudumu zima.

Jaza upepo mpaka tyubu inenepe karibu mara mbili ya kawaida yake, kisha ipitishe karibu na shavu au midomo. Ngozi ya hapo husikia upepo ambao sikio halisikii. Kama hupati kitu, tumia karai la maji, ukizamisha kipande kwa kipande na kuinyoosha kidogo kwa mikono, kwa maana tundu la mwiba mwembamba hujifunga tyubu ikiwa imelegea. Ukiliona povu, weka alama ya msalaba kwa kalamu, mikono ya msalaba iwe mirefu kuliko kiraka, ili ukipaka gundi usipoteze katikati yake. Halafu endelea kuzamisha mpaka umalize duara. Matundu huja mawili mara nyingi kuliko tunavyopenda kuamini.

Asubuhi limelala, lakini kwenye maji hakuna povu

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni vali. Baiskeli zetu za kazi, zile Phoenix za Shanghai na Hero na Avon za Ludhiana, nyingi zina vali ya zamani yenye kimpira chembamba kinachovaa kwenye kijiti cha chuma. Upepo unapita kwenye kijiti, unatokea kwenye kitundu kidogo cha ubavuni, unakisukuma kimpira, unaingia. Ukiacha kupampu, kimpira kinakibana kijiti na upepo hauwezi kurudi. Kimpira hicho kinazeeka. Kwa jua na vumbi kinakauka, kinapasuka vijistari, au kinanata na kugeuka ulimbo.

Fungua nati ya juu, vuta kijiti, ukitazame. Kama kimpira kinang'aa na kurudi upesi ukikivuta, ni kizima. Kama kimebaki na alama ya tundu, au kimefupika hadi kitundu cha ubavuni kinachungulia, kibadilishe. Kimpira kipya kilowanishe kwa mate, usitie mafuta hata tone, kwa sababu mafuta huula mpira. Kisukume taratibu bila kukiviringisha, kipite kitundu na kufika kwenye sehemu nene ya kijiti. Nunua vitano kwa wakati mmoja na uvitunze kwenye karatasi, mbali na jua. Ni katika vifaa rahisi kabisa vya baiskeli, na nimeona watu wakitupa tyubu nzima kwa kosa la kimpira.

Vali nene kama ya gari, inayokuja na baiskeli nyingi za milimani, ina kiini kinachofungwa kwa skurubu ndani ya shina. Tia mate juu ya mdomo wake. Mate yakitengeneza povu, kaza kiini kwa kifuniko chenye meno kama unacho. Kikiendelea kuvuja, badilisha kiini. Mara nyingine ni punje ya mchanga imekaa kwenye kiti cha vali, na ukikibonyeza kiini mara mbili tatu upepo unaipuliza nje. Vali nyembamba ndefu ya baiskeli za mashindano ina kijinati kichwani, na kosa lake la kawaida ni kusahau kukikaza baada ya kujaza.

Vali ikiwa nzima na tyubu ikiwa nzima, kumbuka kwamba mpira wowote hupitisha upepo kidogo kidogo. Tairi linalohitaji kuongezwa baada ya wiki mbili halina ugonjwa. Linalolegea ndani ya usiku mmoja lina ugonjwa.

Tundu moja, upande wa ardhini

Huyu ni mwiba, msumari, kioo au waya. Kwetu kanda ya kati na kanda ya ziwa ni miiba ya migunga na mbigili, ile mbegu yenye pembe inayotambaa kandokando ya njia baada ya mvua. Mijini ni michongoma iliyofyekwa na kuachwa barabarani. Kwenye lami adui mbaya zaidi ni nyuzi za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Ni nyembamba kama unywele, haziumi kidole mpaka ukandamize, na zinaweza kukaa ndani ya tairi mwezi mzima zikitoboa kila tyubu unayoweka.

Kuziba tyubu bila kumtoa aliyeitoboa ni kosa nambari moja. Pima umbali kutoka kwenye vali, nenda mahali hapo kwenye tairi, ukipinde kipande hicho kwa nguvu kuelekea nje ili mpira ufunguke. Mwiba wa mgunga una tabia ya kukatikia ndani: nje unaona kidoa cheusi tu kama kichwa cha kiberiti, ndani hausikiki mpaka tairi lilemewe na uzito ndipo ncha itoke. Usipitishe kidole kitupu. Pitisha kitambaa au pamba, nayo itanasa. Ukishaupata, usukume kutoka ndani kwenda nje kwa spoki iliyochongwa, au uvute kwa koleo. Kisha pitisha kitambaa tena duara zima, kwa sababu aliyepita juu ya mbigili mmoja kwa kawaida amepita juu ya wengi.

Matundu mawili madogo, yamekaa sambamba

Mafundi huyafananisha na meno ya nyoka. Hakuna mwiba hapa. Gurudumu limegonga ukingo wa shimo, jiwe au reli wakati upepo ni mdogo, tairi likabonyea mpaka kwenye rimu, na kingo mbili za rimu zikaikata tyubu kama mkasi. Anayebeba magunia ya mkaa, ndoo za maziwa au abiria hupata hii sana gurudumu la nyuma, kwa sababu mzigo karibu wote umelala huko.

Dawa ni upepo. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi ya kiasi kinachofaa, kwa psi au kwa bar, vipimo vya msukumo wa upepo. Bar moja ni psi 14.5 hivi. Matairi mengi ya baiskeli za milimani ya 26 x 1.95 huandikwa psi 40 hadi 65. Ukiwa peke yako kwenye njia ya vumbi, kaa chini kidogo ya katikati. Ukiwa na gunia, jaza nyuma karibu na kikomo, mbele punguza kiasi. Vali ya kimpira haipimiki vizuri kwa geji, basi tumia kidole gumba: kandamiza ubavu wa tairi ukiwa umesimama. Likibonyea kirahisi, ongeza. Kisha pandisha mzigo uangalie tairi linapogusa ardhi. Likitanuka pembeni kama mdomo, bado.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu vijana wengi wa daladala za baiskeli wanapampu mara moja kwa wiki na kulaumu tyubu za siku hizi. Tyubu za siku hizi kweli nyingine ni nyembamba. Lakini meno ya nyoka si kosa la kiwanda.

Tundu upande wa ndani, unaotazama spoki

Hili ndilo lililonitesa mimi. Sababu ni tatu: ncha ya spoki iliyochomoza, utepe wa rimu uliooza au kuhama, au mchubuko wa chuma mahali rimu ilipoungwa. Spoki huchomoza hasa baada ya gurudumu kunyooshwa. Fundi anakaza spoki, rimu inanyooka, na ncha inapanda ndani bila yeye kuiona. Kwa hiyo gurudumu likitoka kunyooshwa, mwombe avue utepe na asage ncha kabla hajarudisha tyubu. Fundi anayejua kazi hachukii kuombwa hivyo.

Utepe wa tyubu chakavu unafaa kabisa. Kata upana unaofunika vichwa vyote vya nati za spoki, lakini usipande kwenye kingo za rimu, maana tairi halitakaa sawa. Tundu la vali likate dogo. Mpira utajitanua wenyewe. Ukiwa mrefu sana utajikunja, na mkunjo wa utepe nao ni kitu cha kuitoboa tyubu.

Vali imeinama, au imechanika shinani

Tyubu iliyochanika pale shina la vali linapoungana na mpira haizibiki. Usipoteze solusheni. Tafuta sababu ili inayofuata isife vile vile.

Vali iliyoinama inakuambia tairi linatembea juu ya rimu. Upepo ukiwa mdogo na mzigo mzito, kila ukifunga breki tairi linasogea kidogo, linaiburuta tyubu, na vali ambayo imeshikwa na tundu la rimu inavutwa mpaka inakatika. Ukiiona imeanza kuinama, toa upepo wote, sogeza tairi na tyubu pamoja mpaka vali isimame wima, jaza tena vizuri. Nati inayobana vali kwenye rimu kaza kwa vidole tu. Ikikazwa kwa koleo inalivuta shina na kulichosha. Pia papasa tundu la rimu. Likiwa na ukali, lisugue kwa msasa. Na kama umeweka tyubu ya vali nyembamba kwenye rimu yenye tundu la vali nene, vali inacheza na mpira unaingia kwenye ule uwazi. Viringisha kipande cha mpira kuizunguka au tafuta tyubu inayolingana.

Imepasuka kwa kishindo, imechanika mstari mrefu

Mara nyingi hii ni kazi ya mikono yetu wenyewe wakati wa kuvisha. Tyubu imebanwa chini ya ukingo wa tairi, ukingo umenyanyuka, tyubu ikachungulia nje kama puto, ikapasuka. Inaweza kutokea ukiwa bado unapampu au kesho yake juani.

Uvishaji wenyewe uwe hivi. Vua tairi upande mmoja tu kama inatosha. Tia tyubu upepo kidogo, wa kuipa umbo la duara na si zaidi. Ingiza vali, kisha panga tyubu yote ndani ya tairi bila kuisokota. Rudisha ukingo kwa vidole gumba, ukianzia upande ulio mkabala na vali na kumalizia kwenye vali, kwa sababu pale penye vali ukingo hauwezi kuzama katikati ya rimu, na unahitaji huko kwingine uzame ili upate nafasi. Ukikuta kipande cha mwisho kigumu, usikimbilie leva, kile chuma cha kuvulia tairi. Zunguka gurudumu zima ukibana kingo mbili pamoja ili zishuke kwenye bonde la rimu, na ule ugumu utalegea. Leva, kijiko na hasa bisibisi vikitumika kuvisha ndivyo vinavyoacha matundu ya kubinya, ambayo yanaonekana dakika hiyo hiyo unapoanza kupampu.

Ukimaliza, isukume vali ndani kidogo kisha uivute, ili tyubu isibanwe chini yake. Halafu, hata kama una haraka, binya tairi pembeni uangalie duara zima, pande zote mbili: mpira wa tyubu usionekane popote. Pampu nusu. Zungusha gurudumu utazame ule mstari uliochorwa ubavuni mwa tairi karibu na rimu. Uwe umbali sawa kila mahali. Ukizama mahali na kupanda mahali, toa upepo, vuta kwa mkono palipozama, jaza upya.

Kiraka kinabanduka

Ubandukaji una sababu chache na zote zinatokana na haraka. Tyubu mpya ina utelezi wa kiwandani na mshono ulioinuka. Usipoisugua kwa msasa mpaka ifubae, na mshono usawazike, gundi haishiki. Vumbi la msasa lipanguse kwa kitambaa kikavu. Paka solusheni utando mwembamba, mpana kuliko kiraka, kisha subiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Dakika tano, zaidi kukiwa na unyevu, mpaka mng'ao wa maji uishe. Ukibandika gundi ikiwa bado mbichi, kiraka kitateleza na upepo utajipenyeza chini yake. Ukishaweka, kandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, kisha nyunyiza poda pembeni ili gundi iliyobaki isigande kwenye tairi.

Ukitumia kipande cha tyubu kuukuu badala ya kiraka cha dukani, kisugue na kipake gundi nacho, pande zote mbili zikauke, ndipo zikutane. Kata kona ziwe za mviringo. Kona kali huanza kunyanyuka. Usibandike kiraka juu ya kiraka. Cha zamani kikivuja, kibandue chote uanze upya. Na kopo la solusheni lililowahi kuachwa wazi hadi likawa kama uji mzito, litupe.

Tyubu mpya, sahihi, bado haidumu

Soma namba tena. Inchi 26 si kitu kimoja: tairi la 26 x 1.95 linakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559, na la 26 x 1 3/8 kwenye rimu ya 590. Baiskeli ya kazi ya 28 x 1 1/2 ni 635, wakati matairi mengi ya kisasa yanayoitwa 28 ni 622. Hizi milimita zimeandikwa ubavuni mwa tairi, namba ya pili baada ya kistari, kama 40-635. Tyubu ina uvumilivu kuliko tairi, lakini kubwa mno itajikunja ndani na kukatika kwenye mkunjo, na ndogo mno itavutika hadi iwe nyembamba na kila mwiba uipite.

Tairi lililochanika ubavuni nalo litaua tyubu mpya, kwa sababu tyubu inatoka kwenye ule ufa na kusagika. Mafundi wetu hulishona kwa uzi imara na kuweka ndani kipande cha tairi kuukuu kilichopunguzwa kingo zake. Linafaa kukufikisha na kuendelea kwa muda. Tairi la namna hiyo weka nyuma, zima liwe mbele. La nyuma likipasuka utayumba, la mbele likipasuka utaanguka.

Tyubu ya akiba ipake poda, ikunje kwa ulegevu, ifunge kwenye soksi au kitambaa. Nimewahi kutoa akiba yangu porini nikakuta spana zilizokuwa nayo kwenye mfuko mmoja zimeisugua hadi ikatoboka. Sasa mkobani mwangu spana ziko upande wake, na tyubu, viraka, msasa, kitambaa cha pamba na vimpira vitano vya vali viko upande wao.